Uzoefu wangu na kioo cha kunyolea kilichoandikwa 5X

Nilinunua kioo hiki mjini Busia, upande wa Uganda, kwa shilingi 35,000, baada ya macho yangu kuanza kuniachia nywele mbili tatu chini ya kidevu kila ninaponyoa. Ni duara la sentimita 17 lenye nyuso mbili, mmoja bapa na mwingine uliobonyea, nalo limeshikwa na stendi ya chuma inayoliwezesha kuzunguka. Kwenye fremu pameandikwa 5X, na muuzaji alinihakikishia: “Mwalimu, hiki kinakuza uso mara tano.” Kwa kuwa nafundisha fizikia, niliona afadhali nijipimie mwenyewe.

Nilielekeza upande uliobonyea kwenye jua, nikasogeza karatasi mbele yake hadi mwanga ukakusanyika kuwa kiduara kisichofika nusu sentimita. Hapo ndipo penye fokasi. Rula ilionyesha sentimita 50, na karatasi ikaanza kufuka moshi kabla sijamaliza kuandika namba hiyo.

Kioo mbonyeo hakina ukuzaji mmoja. Ukubwa wa taswira hutegemea pia mahali uso ulipo. Chukua umbali wa fokasi, uugawanye kwa kile kinachobaki ukitoa humo umbali wa uso wako. Mimi hunyoa nikiwa sentimita 30 kutoka kwenye kioo, hivyo 50 kwa 20 ni mara 2.5, yaani nusu ya ahadi. Mara 5 zinapatikana, sikatai, lakini kwa sentimita 40 tu, na hapo taswira huwa mita 2 nyuma ya kioo, mbali kiasi kwamba jicho halifaidi ukubwa wote huo: ukilinganisha na kioo bapa kilichowekwa umbali uleule, uso huonekana mkubwa takribani mara 1.7. Alama ya 5X, basi, si uongo mtupu, ila haimsaidii mnunuzi asiyeambiwa asimame wapi.

Ukivuka sentimita 50 uso huanza kuwa ukungu, na ukungu huo huzidi hadi karibu mita 1, ambako binti yangu aliona jicho lake likijaa kioo kizima. Alipopiga hatua nyingine nyuma, kichwa chake kikaonekana kimepinduka juu chini na kuwa kidogo, akacheka hadi akaita wenzake. (Jirani aliniuliza kama kioo cha pembeni cha bodaboda kisingetosha kwa bei ndogo. Hakitoshi: kile ni kioo mbinuko, yaani kilichobinuka kwa nje, nacho hupunguza taswira popote usimamapo.)

Lalamiko langu kubwa ni kwamba boksi halikuwa na onyo lolote kuhusu jua. Wiki ya pili nilikiacha dirishani, upande uliobonyea ukitazama nje, na saa tatu asubuhi mama watoto akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Pazia lilikuwa limetoboka tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, na kingo zake bado nyekundu.

Pamoja na hayo sijakirudisha dukani. Kioo chenyewe ni safi, hakipindishi uso pembezoni, na nywele za kidevuni sasa naziona. Nimekihamishia ukuta usiofikiwa na jua, na kila nikimaliza kunyoa nageuza upande bapa uwe mbele.