Nilivyorekebisha stima ya nyumba Buruburu

Nyumba nyingi za Buruburu, Nairobi, ni za miaka ya 1970, enzi ambazo stima ilikuwa ya taa, redio na pasi. Kwetu sasa kuna friji, maikrowevu na shawa ya kuchemsha maji papo hapo, ya wati 5,500. Kwa volti 240 hiyo shawa pekee inavuta ampea 23 hivi, na aliyeifunga zamani aliitolea kwenye waya wa milimita mraba 2.5, ule mwembamba wa soketi. Mtu akioga, taa zinafifia. Ukishika mfereji, unatekenywa.

Nilitafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati Kenya, na nikaomba kuiona kabla hatujaongea bei. Hakununa, akaitoa. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya wale wa mtaani, sitaficha.

Alipofungua soketi ya nyuma ya friji nilielewa pesa zinaenda wapi. Plastiki ilikuwa imegeuka kahawia, skrubu ya waya wa laivu imelegea mpaka inazunguka kwa kidole. Kumbe ile harufu tuliyokuwa tukisingizia friji ilitoka hapo. Na waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini stima inayovuja, ulikuwepo ukutani, ila mwisho wake haukuwa umefungwa popote! Akachimbia fimbo mpya ya shaba ya athi nje, akavuta waya mnene zaidi, wa milimita mraba 6, kwa ajili ya shawa peke yake na breka yake ya ampea 32, kisha akaweka RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata stima ikianza kuvuja.

Hiyo RCD ndiyo iliyonishinda kuipenda mwanzoni. Ilikuwa inaruka ovyo, hasa asubuhi, na wa nyumbani wakaanza kusema tumeuziwa feki. Fundi akatwambia tuchomoe kila kitu, turudishe kimoja kimoja. Ilikuwa birika, imeanza kuvujisha stima kwenye bati lake. Tumelitupa, na kimya tangu hapo. Kila mwezi nabonyeza kile kitufe cha T, cha kuijaribu RCD. Ikikata, najua ni nzima.

Kuhusu tokeni, usidanganywe. Balbu za LED za wati 9 badala ya 60 ni nzuri, lakini balbu moja ya zamani ikiwaka kwa muda wa saa tano inakula uniti 0.3 tu. Kuoga dakika kumi kwa shawa yetu ni kama uniti 0.9. Tulichookoa kwa kweli kimetoka kwa kuoga haraka, na waya mpya haujapunguza bili kwa namna ninayoweza kuiona. Ukitaka kufanya kazi hii, fanya kwa ajili ya usalama.

Malalamiko yangu ni kwenye kuta. Alichimba mifereji ya nyaya akaiziba kwa saruji kavukavu, rangi hakugusa, akasema hiyo ni kazi ya fundi mwingine. Nitamwita tena kwa waya wa jiko, ila safari hii plasta iandikwe kwenye kotesheni kabla sijatoa deposti.