Viatu vya Dansi ya Jazi: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Anayetaka kununua viatu vya dansi ya jazi hapa Dar es Salaam aanze kwa kuitazama sakafu anayochezea, kwa kuwa kiatu kinachozunguka vizuri juu ya mbao huweza kumwangusha mtu kwenye vigae vilivyotoka kupigwa deki, na kile kinachoshika barabara kwenye vigae hukwama kwenye saruji. Watengenezaji wa viatu hivi huwa na ukumbi wenye sakafu ya mbao au ya vinili, yaani plastiki laini ya kutandika, akilini, ilhali wengi wetu tunafanyia mazoezi kwenye saruji na vigae. Ndiyo maana mpangilio wangu, kuanzia ninachokipendekeza hadi ambacho ningekiacha, hautafanana na ule wa mnunuzi wa New York.

Nafasi ya kwanza naipa kiatu cha ngozi kisicho na kamba, chenye lastiki pembeni na soli iliyogawanyika, yaani kipande kimoja chini ya sehemu ya mbele na kingine chini ya kisigino, huku katikati pakiachwa ngozi tupu. Mwanya huo huuruhusu unyayo kujikunja kwa uhuru, na mchezaji anaponyoosha vidole, umbo la mguu huonekana hata kwa mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa. Chagua soli ya mpira mwembamba ikiwa unachezea saruji. Soli ya swedi, yaani ngozi yenye uso laini kama mahameli, huzunguka vizuri zaidi juu ya mbao, lakini saruji huisaga upesi, na ikilowa jasho au maji hupoteza sifa yake.

Ukikijaribu, kivae mchana au jioni, kwa sababu joto la hapa huivimbisha miguu kadiri siku inavyokwenda. Vidole vikae vimenyooka bila kujikunja, na ncha ya kidole kirefu iguse ngozi bila kubanwa. Kisha simama kwa vidole: kisigino kikichomoka, au ngozi ikijikusanya chini ya unyayo na kufanya mikunjo, hicho ni kikubwa, hata kama muuzaji atakuapia kwamba ni namba yako. Ngozi hutanuka kwa kuvaliwa, hivyo kiatu kinachokaza kidogo leo kitakukaa sawasawa baadaye, wakati kile kinachokupwaya dukani kitazidi kukupwaya.

Anayeanza, na hasa mtoto, ningemnunulia kwanza kiatu cha ngozi chenye soli nzima. Soli hiyo hukataa kujikunja kirahisi, kwa hiyo misuli ya unyayo hulazimika kufanya kazi na kupata nguvu, na tena mguu hupata kinga zaidi dhidi ya ugumu wa saruji. Si kiatu kinachopendeza sana jukwaani, lakini mtoto wa darasa la kwanza la dansi hana haja ya kupendeza kiasi hicho. Wazazi wajizuie tu kununua namba kubwa ili mtoto akue nacho, desturi inayovumilika kwa viatu vya shule na isiyofaa kabisa hapa.

Cha tatu ni kile cha kamba, ambacho humfaa zaidi mwenye mguu mwembamba sana au mpana sana, kwa kuwa anaweza kukaza na kulegeza atakavyo. Cha turubai nakiweka nyuma yake: ni chepesi, hupitisha hewa na hufulika, jambo lenye maana katika jiji lenye jasho kama letu, ila hakitanuki kama ngozi na huchakaa mapema.

Raba za dansi zenye soli iliyogawanyika zinafaa kwa mazoezi marefu kwenye saruji, kwani hupunguza kishindo cha kuruka, ingawa huuficha mguu. Raba za kukimbilia ziache. Soli yake imetengenezwa ili ishike ardhi, na mwili unapozunguka huku kiatu kikigoma, msokoto huishia kwenye kifundo na goti.

Kwenye mitumba ya soko la Karume huenda ukabahatika kukutana na jozi nzuri katikati ya viatu vya kila namna. Kikunje mara kadhaa, ubonyeze soli kwa ukucha, kisha unuse ndani. Baadhi ya soli za plastiki laini huharibika zikikaa muda mrefu penye unyevu, na kiatu kinachoonekana kipya kikaanza kumomonyoka kama keki kavu wiki ya kwanza ya mazoezi.

Ukiagiza nje, kila kampuni ina vipimo vyake. Bloch, iliyoanzia Sydney mwaka 1932, na Capezio, iliyoanzia New York mwaka 1887, hazilingani namba, kwa hiyo pima unyayo wako kwa sentimita na ufuate jedwali la kampuni husika, ukikumbuka kuongeza gharama za usafiri na ushuru kabla ya kulinganisha bei. Angalia pia rangi. Kwa miaka mingi kilichouzwa kama rangi ya mwili kilikuwa rangi ya mwili wa Mzungu; ukikosa kahawia inayolingana nawe, nunua cha ngozi na umpelekee fundi viatu anayejua kutia rangi ya ngozi, aijaribu kwanza rangi hiyo sehemu iliyojificha, kwa ndani ya ulimi au ukingoni mwa kisigino.