Ziara ya nusu siku Quanzhou: mji nyota tano, kampuni nyota mbili

Wenzangu wa Kariakoo tunaofuata raba Jinjiang, China, tuna mazoea mabaya: tunalala jirani na viwanda, tunapakia mzigo, tunaondoka. Quanzhou mjini ni mwendo wa teksi tu. Safari hii mzigo ulichelewa kiwandani, hoteli ikaniuzia ziara ya nusu siku: gari, mwongoza watalii anayejua Kiingereza, na chakula cha mchana. Jina la kampuni silitaji.

Tulianzia Msikiti wa Qingjing, barabara ya Tumen. Lango lake la mawe ni refu, lina upinde wenye ncha, na maandishi ya Kiarabu yanaeleza kuwa msikiti ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani 1009 au 1010, kisha ukakarabatiwa mwaka 710 wa Hijria na mtu wa Shiraz. Mama yangu ni wa Kilwa. Habari za Washirazi nimelishwa tangu utotoni, na huyu mwenzao alikuwa akitengeneza msikiti China mwanzoni mwa miaka ya 1300, zama zilezile za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa! Nilicheka peke yangu. Ukumbi wa zamani hauna paa, zimebaki kuta za mawe. Nilitaka kukaa. Mwongozaji akaanza kutazama saa.

Makumbusho ya Bahari ndiyo sababu ya kwenda Quanzhou, na kuingia ni bure. Usipitwe na ukumbi wa mawe ya makaburi. Yapo ya Waislamu kwa Kiarabu, yapo ya Wakristo yenye msalaba juu ya ua la yungiyungi, na yapo mawe ya hekalu la Wahindu. Mwenye Kiarabu cha madrasa tu atajisomea "kila nafsi itaonja mauti". Mengi yalikuwa yametumika kujengea ukuta wa mji. Ukuta ulipobomolewa karne ya 20, mwalimu wa shule, Wu Wenliang, akayakusanya. Bila yeye pengine yangekuwa ngazi za nyumba za watu.

Kuna pia meli ya kale ya mizigo, iko kwenye uwanja wa hekalu la Kaiyuan, chini ya minara miwili ya mawe ya karne ya 13. Ilifukuliwa Houzhu mwaka 1974. Kilichobaki kina urefu wa mita 24 hivi, na tumbo limegawanywa vyumba 13, chumba kimoja kikitoboka vingine havijai maji. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi. Hii imepigwa misumari ya chuma. Ndani walikuta miti ya manukato, pilipili manga, ubani na ambari, bidhaa ambazo babu zetu walizifahamu vizuri. Maelezo ya mwongozaji: "Meli ya kale sana." Basi.

Muda aliotunyima hapo akaumwaga Xunpu, kijiji cha wavuvi, ambako wageni husukwa nywele na kuvikwa mashada ya maua ili wapigwe picha. Maua ni mazuri, sikatai, lakini foleni! Mimi nikaenda kutazama nyumba zenye kuta za makombe ya chaza. Wenyeji husimulia kuwa makombe hayo yaliletwa na meli zilizorudi kutoka mbali, hata Afrika Mashariki, yakiwa uzito wa kutuliza chombo. Mimi nina shaka, ila hadithi ni tamu.

Chakula cha mchana kilikuwa nguruwe kila sahani, ingawa wakati wa kulipia nilisema ni Mwislamu. Nikala wali na mchicha wao. Lingshan, kwenye makaburi ya Waislamu na jiwe linalotaja dua ya Zheng He, amiri wa meli za China, mwaka 1417, kabla ya safari iliyofika pwani yetu, ilikuwa kwenye ratiba lakini hatukufika. Nilijipeleka kesho yake asubuhi.

Ushauri wangu: mwache mwongozaji, chukua teksi kwa programu ya simu, beba pasipoti. Anza makumbusho asubuhi, isiwe Jumatatu maana hufungwa. Kisha Kaiyuan, halafu msikiti. UNESCO imeorodhesha sehemu 22 za mji huu tangu 2021, nusu siku haitoshi kabisa. Ukibanwa, Xunpu iache.