Fundi wa Mwanga aliyenitibia breki ya mbele

Jamani wa Kigoma mnaoendesha pikipiki za diski mbele, kuna fundi yuko Mwanga nyuma ya soko, hana bango wala nini, uliza tu fundi wa chini ya mwembe watakupeleka.

Mimi napakia abiria. Nikishuka ile barabara ya Mwanga kwenda stesheni nikigusa tu breki ya mbele usukani unatetemeka na mkono wa breki unanipiga vidoleni dug dug dug mpaka pikipiki isimame. Gereji ya kwanza (siitaji jina) wakasema diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, imepinda, nikatoa 55,000 diski mpya na pedi juu, siku ile ile inatetemeka vilevile! Kuna mama mjamzito alishuka katikati ya safari akaniambia baba mimi naogopa, ikaniuma sana.

Sasa huyu mzee hakukimbilia spana. Kaniuliza, "Mwanangu, unatetemeka usukani peke yake au na mkono wa breki?" Nikamwambia vyote. Akasema mkono ungekuwa umetulia ila mbele panagonga angeanza na koni za shingo ya usukani na shokapu, ila mkono ukipiga diski ndo inatafutwa kwanza. Akauliza tena kama nabebaga madumu ya mawese, maana yakidondokea diski pedi zinakunywa mafuta, zinashika hapa zinaachia pale. Sibebi.

Akanyanyua mbele kwa kreti ya soda, akashika shokapu kwa chini akavuta mbele nyuma, koni hazichezi, beringi nzima. Halafu kachukua spoku mbovu kaifunga kwa mpira kwenye shokapu, ncha imekaribia diski nafasi ya kupita karatasi tu, akazungusha tairi taratibu. Upande mmoja ncha inakwaruza, upande wa pili mwanya kabisa. Diski mpya hiyo! Kuifungua, pale inapokalia kwenye habu (kitovu cha tairi) kuna kutu na tope limegandamana gumu kama simenti, yaani wale walibadilisha diski wakaibandika juu ya uchafu, kwahiyo imekaa upande. Ile ya zamani nilikuwa nayo kwenye mfuko, akaipima unene kwa venia sehemu tano, zote milimita 3.9, na kwenye diski yenyewe imegongwa kwamba mwisho wa kutumika ni 3.5. Akaniangalia akasema, "Hii ungeendelea nayo tu." Hela yangu ilishaenda.

Akakwangua habu mpaka chuma kikang'aa, pedi akazipiga msasa, bolti akazikaza kwa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo, akarudisha spoku akazungusha tena, mwanya ule ule mzunguko mzima. Akanituma barabara iliyonyooka nifunge breki kutoka spidi 40 mpaka 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, pedi zikae vizuri. Bei 10,000.

Mabaya yake yapo. Hauzi spea, ukikosa kitu unakitafuta mwenyewe, foleni ndefu na hakuna pa kukaa, vifaa anavitandaza kwenye gunia chini na pale vumbi linapita, mimi ningependa diski iwekwe sehemu safi. Ijumaa baada ya saa sita usihangaike kwenda, yuko msikitini.

Ila anatafuta ugonjwa kabla ya kukuambia ununue, na hicho ndo nilichokikosa kule kwingine. Wiki ya tatu sasa nashuka stesheni na abiria nyuma, vidole viwili tu kwenye breki, mkono umetulia tuli.