Sinema za kung fu za zamani: kasha lipi ununue, lipi uliache dukani

Kama sinema za karate ulizijulia kibanda umiza, basi zipo picha unazodai umeziona mara ishirini, na kumbe hujaziona hata mara moja. Uliona kipande cha katikati tu.

Shaw Brothers, kampuni ya sinema ya Hong Kong, walipiga picha kwa mfumo walioubatiza Shawscope: upana wa picha ni mara 2.35 ya kimo chake. TV zetu za kichogo zilikuwa 4 kwa 3. Aliyehamishia sinema kwenye kanda alikata pembeni ili kioo kijae, na hapo karibu asilimia 43 ya picha ikaenda na maji. Ndiyo maana unakumbuka mtu anarusha ngumi, kioo kinaishia kwenye kifundo cha mkono wake, na aliyepigwa unamjua kwa mlio tu. Wakikaa wawili kunywa chai, unaona pua upande huu, pua upande ule, na birika katikati likisikiliza mazungumzo.

Kwa hiyo mimi diski naihukumu kwanza kwa upana wa picha. Jina la filamu linafuata. Jalada silisomi kabisa, kwa sababu nitakazozieleza mwishoni.

Kabla hujatoa hela

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu aliyeko Marekani aliniletea seti nzuri ajabu ya Blu-ray. Nikaalika watu, nikapika pilau, nikaweka diski. Kioo kikaandika kwamba diski hii haichezeki kwenye mashine hii, na maandishi yakakaa hapo mpaka pilau likaisha. Kosa lilikuwa langu, maana nyuma ya kasha paliandikwa herufi moja ndogo, A, na mimi sikuitazama.

Blu-ray zimegawanywa kwa maeneo. A ni bara lote la Amerika, Japani, Korea, Taiwan, Hong Kong na Asia ya Kusini Mashariki. B ni Afrika yote, Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia. C ni China bara, India na Urusi. Ukiwa Dar, Mombasa, Muscat au London, deki yako ya kawaida inasoma B. Hata PlayStation iliyotoka Dubai inasoma B, na iliyotoka Marekani inasoma A, kwa hiyo uliza ilikonunuliwa. Zile zisizo na mdomo wa diski hazikusaidii chochote hapa. DVD zina hesabu nyingine: Afrika Mashariki ni 5, Ulaya na Ghuba ni 2, Marekani ni 1. Bahati nzuri deki nyingi za bei rahisi za Kariakoo zinakula zote bila kuuliza. Diski za 4K hazina kizuizi cha eneo, ila zinadai mashine yake. PS5 yenye mdomo wa diski inazisoma, PS4 haizisomi, hata ile iliyoandikwa Pro.

Kuhusu sauti, watu hugombana bure. Hong Kong ya miaka ile walipiga picha bila kurekodi sauti papo hapo, kisha sauti ikaingizwa studio, mara nyingi na mtu mwingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu kila kitu kilisemwa Kimandarini, ingawa wenyeji wa Hong Kong wanazungumza Kikantoni, na Kikantoni kilirudi kwa nguvu baada ya 1973. Ukiona midomo haifuatani na maneno, usidhani umeuziwa feki. Mimi za Shaw nasikiliza kwa Kimandarini, za Jackie Chan kwa Kikantoni, na wageni wakijaa naweka Kiingereza ili tucheke pamoja. Sisi tulikuwa na sauti ya ziada, ya Lufufu aliyetusimulia sinema kwa Kiswahili pale Dar, na Wakenya wana DJ Afro wao. Hiyo hakuna kasha linaloiuza, na maandishi ya chini nayo utayapata kwa Kiingereza tu.

Ya kwanza: Shawscope, kasha la kwanza

Limetolewa na Arrow Video wa Uingereza mwaka 2021, filamu 12 ndani ya kasha moja. Chukua toleo la Uingereza. Ni ghali, sikufichi, na ukijumlisha usafiri na ushuru utakuna kichwa. Lakini ukigawanya kwa 12, kila filamu inatoka kwa bei ya chini kuliko kununua moja moja.

Nimeliweka juu kwa sababu linakupa waongozaji wawili wanaobishana. Chang Cheh alipenda damu na urafiki wa wanaume. Ile sheria yetu kwamba steringi hafi, yeye hakuwahi kuisikia. Katika The Boxer from Shantung ya 1972, Chen Kuan-tai anapigwa shoka la tumbo ndani ya nyumba ya chai, halafu anaendelea kupigana nalo likiwa limenasa humo humo, dakika baada ya dakika, mpaka unaanza kujishika tumbo lako mwenyewe. Sasa badilisha diski, weka Heroes of the East ya 1978. Huyo ni Lau Kar-leung, ambaye baba yake alifundishwa na mwanafunzi wa Wong Fei-hung mwenyewe, gwiji wa kung fu wa China. Humo mwigizaji Gordon Liu ameoa mke wa Kijapani, wanagombana nyumbani kuhusu silaha za nani ni bora, ugomvi wa ndoa unakuwa ugomvi wa nchi mbili, na wataalamu wanavuka bahari kuja kumpima bwana mmoja mmoja. Upanga kwa upanga, mkuki kwa mkuki, pombe inaingia, na mwisho anakuja Yasuaki Kurata akitembea kama kaa. Hafi mtu hata mmoja. Filamu nzima ya kupigana na hakuna maiti!

Humo humo yumo Lo Lieh wa King Boxer, ile ambayo Warner Bros. waliipeleka Marekani mwaka 1973, kabla Bruce Lee hajatamba huko na Enter the Dragon. Viganja vyake vinawaka rangi nyekundu, na kila vikiwaka kinapigwa king'ora ambacho ni muziki wa Quincy Jones kutoka kipindi cha TV cha Marekani. Wapo pia The Five Venoms, wanafunzi watano wa sumu: tandu, nyoka, nge, mjusi na chura. Hapo ndipo upana wa picha unapolipa deni, kwa sababu mjusi anapanda ukuta pembeni kabisa ya kioo, mahali ambapo kanda yako ya zamani haikuwahi kufika.

Ndani wameweka na sidii mbili za muziki uliotumika kwenye filamu hizo, na filamu moja ya sokwe mkubwa anayebomoa mji, isiyohusiana na ngumi hata kidogo. Watoto wangu wanaipenda kuliko zote kumi na moja zilizobaki. Basi.

Ya pili: Drunken Master, diski moja

Huna hela ya kasha? Nunua hii peke yake, toleo la Eureka la Uingereza, katika mfululizo wao wa Masters of Cinema, la mwaka 2017. Ni eneo B, picha imesafishwa kutoka mwanzo, na upana uko kamili.

Jackie Chan hapa ni kijana mtundu anayeitwa Wong Fei-hung, na mwalimu wake mlevi ni Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji Yuen Woo-ping. Tazama zoezi la ndoo. Jackie ananing'inizwa miguu juu, ndoo yenye maji iko chini na tupu iko juu, mkononi ana vikombe viwili vidogo. Anachota chini, anakunja tumbo, anamimina juu, anashuka tena. Kwenye nakala mbovu giza na chenga vinakuficha jinsi misuli ya tumbo inavyotetemeka. Kwenye hii unahesabu hata matone. Halafu kuna wale wazee wanane walevi ambao kila mmoja ana mtindo wake. Wa nane ni mwanamke, kijana aliona aibu kumwiga, akatega somo. Malipo yake yanakuja kwenye pambano la mwisho na Hwang Jang-lee, na sitakwambia zaidi.

Kama unamnunulia mtu zawadi na hujui anapenda nini, nunua hii.

Ya tatu: Shawscope, kasha la pili

La mwaka 2022, filamu 14. Wengi wataliweka la kwanza kwa sababu ya The 36th Chamber of Shaolin, na sitapigana nao. Ile ndiyo filamu bora kuliko zote kwenye makala hii. Sehemu kubwa ya katikati ni shule tu: Gordon Liu anabeba ndoo mbili za maji mikono ikiwa imenyooshwa, na chini ya mikono amefungiwa visu vilivyoelekea mbavuni. Mikono ikilegea, anajichoma mwenyewe. Kuna dimbwi lenye magogo yanayoelea ambalo ni lazima alivuke ndipo apate kula, na siku za kwanza analala njaa akiwa ameloa. Mambo yanaenda polepole, na ndiyo sababu anapokuja kubuni fimbo yake ya vipande vitatu unahisi kama umeibuni wewe.

Nimelishusha nafasi ya tatu kwa sababu zilizobaki zinapanda na kushuka. My Young Auntie ni tamu sana, na Kara Hui aliipatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tuzo za filamu za Hong Kong zilipoanzishwa mwaka 1982. Mad Monkey Kung Fu ni nzuri. Nyingine utaitazama mara moja kisha utaisahau, na The Boxer's Omen ni uchawi wa kutapisha, usiiweke wakati wa chakula. Ukiwa tayari na kasha la kwanza, hili nalo lichukue.

Kwa anayempenda Gordon Liu, Arrow wametoa pia The Eight Diagram Pole Fighter kwa diski yake peke yake. Mwigizaji mwenzake, Alexander Fu Sheng, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1983 wakati inapigwa, ikabidi hadithi igeuzwe. Ukijua hivyo, kilio cha kwenye filamu hiyo unakisikia tofauti.

Ya nne: Bruce Lee

Najua. Bruce Lee nafasi ya nne, nitapigwa mawe. Lakini hapa ni mwongozo wa kununua, na kumnunua Bruce Lee kuna mitego. Seti ya Criterion wa Marekani ya mwaka 2020 ni nzuri na inazo zote, ikiwemo Enter the Dragon, ila ni eneo A, kwa hiyo kwetu ni pambo la rafu. Arrow wana Bruce Lee at Golden Harvest ya 4K iliyotoka 2023, na humo Enter the Dragon haimo kwa kuwa ni mali ya Warner, ambao nao wameitoa peke yake kwa 4K mwaka huo huo. Kwa hiyo unalipa mara mbili na unahitaji mashine ya 4K.

Isitoshe, kwenye Game of Death ya 1978 Bruce mwenyewe yumo kidogo tu, alikuwa amekufa miaka mitano. Sehemu kubwa ni watu waliovaa miwani myeusi wakijifanya yeye. Ungeniuliza mimi, ningeanza na The Way of the Dragon peke yake: Roma, uwanja wa kale, Chuck Norris kwa upande wa pili, na paka mdogo akitazama.

Kasha la tatu la Shawscope ni la mapanga, na mpiga panga mwenye mkono mmoja wa 1967 (One-Armed Swordsman) yumo. Zuri, lakini si ngumi.

Ya tano: DVD za mtumba

Hong Kong Legends wa Uingereza walitoa DVD nyingi kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, eneo 2, na leo zinapatikana mkono wa pili kwa hela ya vocha. Upana kamili, tafsiri nzuri, maelezo ya kitaalamu juu yake. Kwenye runinga kubwa ya kisasa zinaonekana kama zimepakwa mafuta, ila kwa kioo cha inchi 32 zinatosha. Kagua diski kwenye mwanga kabla ya kulipa. Mikwaruzo ya duara inayofuata mzingo ndiyo hatari. Ile inayotoka katikati kwenda pembeni mara nyingi deki inairuka.

Ya mwisho: filamu 10 kwenye diski moja

Hizi ziko kila kona, na nyingine zina 20. Picha imekatwa pembeni, rangi imefifia mpaka damu inafanana na chai, na sinema ya saa mbili imebanwa mpaka mtu akirusha teke mguu unageuka vimraba. Jalada lina uso wa Bruce Lee. Soma herufi: Bruce Li ni mtu mwingine, Bruce Le ni mwingine tena, na Dragon Lee yuko peke yake. Wote walikuwa wapiganaji kweli na baadhi ya filamu zao zinafurahisha, ila hukuja kuwanunua wao.

Ninayo moja nyumbani na siitupi. Akija mtu akaniuliza kwa nini nimetoa hela nyingi kwa kasha la kadibodi, naweka kwanza ile, dakika tatu za The Five Venoms, anaona ukuta mtupu na mtu anayepiga kelele akiangalia juu. Kisha naweka ya Arrow, pale pale, na mjusi anatokea ukutani.