Shimesikio au feni?

Anayeishi na mlio wa masikioni hapa Mtwara, hasa aliyezeekea kando ya mashine za kubangulia korosho, ana njia mbili za karibu: kuvaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, mchana, au kuacha feni ikivuma usiku.

Feni ni rahisi, na kwa joto letu ungeiwasha hata masikio yakiwa mazima. Haifuti mlio, inaufunika kiasi tu. Uvumi wake uwe chini kidogo ya mlio wenyewe ili ubongo uuzoee. Umeme ukikatika, mlio, kama nyenje masikioni, unarudi wote kwa pamoja. Hapo redio ya betri, sauti ya chini, inaziba pengo.

Shimesikio ni habari nyingine. Mara nyingi mlio huanza vinyweleo vya sikio la ndani vikishaharibika: ubongo, ukikosa sauti, hujitungia ya kwake. Kifaa kikirudisha sauti za nje, mjukuu akiita "babu" kule barazani ukamsikia, kwa wengi mlio hupungua makali. Lakini ni ghali, na pwani hii ina unyevu na chumvi. Usiku kiweke kwenye kopo kavu lenye vifuko vya kufyonza unyevu. Na sokoni, wiki za mwanzo, kila kitu ni kelele.

Mimi, usikivu ukiwa umepungua, ningeanza na shimesikio, feni iwe ya kulalia. Anayesikia vizuri, feni yamtosha. Ila kwanza daktari achungulie. Wengine shida yao ni nta tu. Usikivu ukipotea ghafla, nenda siku hiyohiyo.