Kitabu cha risiti kwa muuzaji wa nyumbani: angalia nakala inayobaki kwako

Akina mama wanaouza losheni, manukato na vyombo vya plastiki nyumba kwa nyumba hapa Kisumu huniletea kilio kimoja: mteja wa Milimani au Nyalenda kachukua mali, kalipa nusu, mwisho wa mwezi anaapa alimaliza. Muuzaji akifungua kitabu, nakala yake haisomeki. Kwa hiyo rangi ya jalada na idadi ya kurasa mtajichagulia wenyewe. Mimi nina neno na ile nakala.

Namba moja ni vitabu vya chapa ya Kartasi, na sifichi kwamba naipendelea. Chukua kile cha kuwekea kaboni chenye maandishi Cash Sale juu, usichukue cha Receipt. Cha Receipt kinaandika fulani kalipa shilingi kadhaa, basi. Hakina safu za idadi, bidhaa na bei, na wewe umemuuzia losheni mbili, sabuni tatu na pafyumu kwa mkupuo. Chini ya jumla andika alicholipa na baki, kisha mteja atie sahihi kabla hujachana karatasi, ili sahihi yake ishuke kwenye nakala. Tumia biro ya kawaida, kwa maana kalamu ya jeli haikandamizi. Kaboni ikianza kufifia itupe. Na weka kitu kigumu chini ya kitabu. Mkono wa sofa ya mteja si meza.

Namba mbili ni vitabu visivyotaka kaboni, vyenye jina lako na namba ya Till, ile ya kulipiwa kwa simu. Mgongoni mwa karatasi ya juu kuna chembe ndogo za wino zinazopasuka kalamu ikipita. Ni safi, ila ukisahau kukinga karatasi za chini kwa kadibodi, deni la Mama Achieng litajiandika kwenye risiti ya jirani yake. Na wachapishaji wetu! Unataka viwili, wanakuambia kumi. Wameahidi Jumanne, Ijumaa bado ni hadithi za stima. Vikija, kagua namba: vitabu viwili vyenye namba zilezile havikusaidii kitu.

Printa ndogo ya kuunganisha na simu naiweka mwisho, hata kama inapendeza. Karatasi yake huandikwa kwa joto, na joto hilohilo huiharibu. Jua la Kisumu unalijua. Mafuta nayo huifuta, na wewe mikono imeshinda kwenye losheni. KRA, mamlaka ya kodi, inataka kumbukumbu za biashara zikae miaka 5. Hiyo karatasi haifiki huko. Ukiitumia, ipige picha siku hiyohiyo.

Vile vitabu vya bei ya chini kabisa vinavyorundikwa soko la Kibuye, wino unatokea upande wa pili. Pita.

Mteja wako akiwa na saluni au duka na anataka kuhesabu manunuzi kama gharama, risiti ya mkono haimtoshi: tangu Januari 2024 anahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Unaweza kuitoa kwa simu ya kawaida, *222#.

Kinachonikera zaidi ni maduka ya mjini yanayouza vitabu vimefungwa nailoni, ukitaka kugusa karatasi unaambiwa lipa kwanza. Bei yenyewe inapanda kila Januari, shule zikifunguliwa, kana kwamba sisi nasi tunaingia darasani. Mwenye duka akikatalia nailoni yake, vuka barabara uingie duka la pili.